Picha za mimea ya mbugani mwaka mzima: hizi nyasi za Machi nazifanyaje?

Ntalali_Mbivu

Wakuu, mwangaluka. Naomba msaada wa kiufundi kwa wanaopiga picha mimea huku kwetu Tabora.

Nina sehemu moja upande wa Uyui, mbuga ya udongo mweusi yenye upana wa kama mita 300, na ukingoni mwake miyombo inaanza. Nataka kuonyesha sehemu hiyohiyo kwa miezi 12: miti ikitoa majani mekundu, nyasi zikiota, maji yakituama, nyasi zikikauka, moto ukipita, kisha upya tena. Nimeanza Novemba, sasa ni Aprili. Kamera ni Canon ya zamani ya megapikseli 24 na lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18–55, pamoja na simu.

Yanayonishinda ni haya:

1. Picha hazilingani. Nikizipanga kwa mfuatano, mti wa mbele unarukaruka kushoto na kulia. Narudi palepale kwa GPS ya simu.
2. Vigingi vya mti: viwili vimeliwa na mchwa, kimoja kimelala udongo ulipovimba.
3. Tangu mwanzoni mwa Machi naona nyasi tu. Stendi yangu inafika mita 1.4, nyasi zimenipita kichwa.
4. Kuna maua meupe yaliyo chinichini kwenye udongo mweusi. Kwenye picha yanatoka kama vipande vya chaki, hayana hata mshipa. Na majani mekundu ya mti wa mtundu niliyoyajaribu Oktoba yametoka kahawia iliyofifia.
5. Nyasi sizijui. Nazipiga, napandisha iNaturalist (tovuti ya kutambua mimea na wanyama), zinakaa miezi bila mtu kuzitambua.

Natanguliza shukrani.

KigingiNo3

Nianze na la kwanza, maana lisipokaa sawa mengine ni kazi bure. GPS ya simu, hata anga likiwa wazi, inakukosesha mita 3 hadi 5. Inatosha kukurudisha kwenye mti, haitoshi kurudisha kamera. Piga hesabu: lenzi yako ikiwa kwenye 18, ukisogea pembeni sentimita 10 tu, shina lililo mita 5 mbele yako linahama karibu pikseli 100 kwenye picha yenye upana wa pikseli 6,000. Mti ulio mita 100 hauhami hata pikseli 10. Ndiyo hiyo rukaruka unayoiona, na hakuna programu ya kukata na kuzungusha picha itakayoiondoa, kwa sababu cha mbele na cha nyuma vimehama kwa viwango tofauti.

Lenga kama anavyolenga mwenye gobole. Tafuta kitu cha karibu na cha mbali vinavyokaa mstari mmoja: ukingo wa shina la mninga wa mbele uguse panda ya mti ulio ng'ambo ya mbuga. Tafuta na jozi ya pili upande wa kulia wa fremu. Jozi zote mbili zikigusana kwa pamoja, umerudi palepale, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Tumia mashina na panda nene tu. Tawi jembamba likilowa linashuka, likikauka linapanda, litakudanganya. Picha ya kwanza ichapishe, ifunge kwenye plastiki, uende nayo kila mara. Mimi siamini kumbukumbu ya mtu yeyote kwenye hili, hata mwenye macho ya tai.

Kigingi: mti unaliwa na mchwa, au unaungua Agosti. Nondo inayoonekana haimalizi mwezi, wa chuma chakavu wameshaibeba. Chukua kopo la rangi la lita 4, mimina zege la simenti 1, mchanga 2, kokoto 3, na katikati simamisha bolti fupi, kichwa chake kitokeze sentimita 1 tu. Kikikauka kifukie hadi uso wa zege uwe sentimita 5 chini ya udongo. Moto unapita juu, mwizi hakioni. Wewe utakipataje? Pima kwa futi ya kamba kutoka miti miwili na uandike: mita 7.40 kutoka huu, 11.15 kutoka ule. Mahali vipimo viwili vinapokutana ndipo pa kufukua. Usipake miti rangi wala kuipiga misumari. Mti wenye alama msituni watu watadhani umepangiwa kukatwa.

Na usifukie katikati ya mbuga. Udongo ule mweusi unavimba masika na kupasuka kiangazi, nyufa zake zinameza mguu, kwa hiyo hata zege litainama. Rudi ukingoni, udongo unapoanza kuwa wa mchanga, au ubavuni mwa kichuguu cha zamani kilichokufa. Kichuguu ndicho kitakachokutatulia la tatu pia.

Nyasi za kuezekea zinafika mita 2 hadi 2.5 mwezi huu. Stendi ya mita 1.4 haina lake hapo. Ama usimame juu ya kichuguu (kagua mashimo kwanza, wenyewe unawajua), ama ukate mwanzi wa mita 3, funga kishikio cha simu juu yake, tia alama kwenye mita 2.7 na upige kwa saa ya sekunde 10. Urefu utakaoamua leo ndio huohuo wa Septemba, hata kama Septemba ardhi ni tupu na unaona umejitesa bure. Kamera usiiinamishe, mstari wa upeo wa macho ukae katikati ya fremu kila mara.

Mipangilio ya kamera: lenzi kwenye 18, tundu la mwanga f/8, fokasi kwa mkono kwenye mita 2.2. Kwa kamera yako hapo kuanzia karibu mita 1.1 hadi mwisho wa macho ni kali. Ukishaiweka, bandika pete ya fokasi kwa utepe wa umeme. Ukiacha fokasi ijiendeshe, masika itashika bua lililo mbele ya lenzi na mbuga yote itabaki ukungu.

Ongeza kitu kimoja ambacho hukukitaja. Picha pana haionyeshi mimea midogo. Nunua bomba la plastiki la nusu inchi, kata vipande vinne vya mita 1, unganisha kwa elbo nne bila gundi ili uweze kulifungua na kulibeba. Unapata mraba wa mita 1 kwa 1. Ulaze sehemu ileile kila mwezi, upige kutoka juu moja kwa moja, lenzi ikiwa mita 1.5 juu ya ardhi. Kwenye 18 mraba wote unaingia na nafasi inabaki. Huo mraba ndio utakaokuonyesha mmea mmoja ukizaliwa, ukichanua na kupotea.

Asubuhi_Kwihara

Nakubaliana na KigingiNo3, ila amekaa kimya kuhusu jua, na jua ndilo linaloharibu mfuatano hata kamera ikiwa imefungwa kwa mnyororo.

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 6 Oktoba na karibu tarehe 8 Machi. Kati ya Oktoba na Machi liko kusini kwetu, miezi mingine yote liko kaskazini. Kwa hiyo ukielekeza kamera kusini saa za mchana, Juni jua liko mgongoni kwako na Desemba liko usoni. Mbuga ni ileile lakini picha zitaonekana kama za wilaya mbili. Elekeza kamera magharibi na upige asubuhi. Jua la asubuhi linahama kati ya kaskazini-mashariki kidogo na kusini-mashariki kidogo tu, hivyo mwaka mzima litakuwa nyuma yako.

Saa: usihesabu kwa saa ya ukutani, hesabu tangu jua lichomoze. Saa za nchi yetu zimepimwa kwa longitudo 45, sisi tuko karibu 33, ndiyo maana huku jua linachelewa. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza kama saa 12:25 asubuhi, ila Julai na katikati ya Februari ni karibu saa 1 kamili. Chagua saa moja na nusu baada ya kuchomoza, uishike hiyohiyo. Faida ya pili ni kwamba upepo bado haujaamka. Baada ya saa 4 nyasi hazitulii.

Sasa rangi. Majani ya mtundu yametoka kahawia kwa sababu umeacha kitufe cha WB (mizani ya weupe) kwenye otomatiki. Kazi ya otomatiki ni kutafuta wastani. Ikiona fremu nzima ni nyekundu inadhani taa ndiyo nyekundu, inaizima. Weka alama ya jua, ambayo kwenye Canon ni karibu 5200K, na usiiguse mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Piga RAW (faili ghafi la kamera) pamoja na JPEG. Halafu majani yale mekundu yapige jua likiwa nyuma yake, siyo mbele. Jani changa ni laini na jembamba, mwanga ukipita ndani yake linawaka kama glasi. Mwanga ukilipiga usoni unaona mng'ao wa ngozi yake tu. Hiyo ni kwa picha za karibu, picha pana ya mfuatano ibaki na jua mgongoni.

Maua meupe. Kwa maelezo yako nahisi ni Cycnium tubulosum: petali tano pana kama karatasi ya kufungia, huota mbugani kwenye udongo uliolowa, na mizizi yake inanyonya kidogo kutoka kwa mizizi ya nyasi. Kamera inaona udongo mweusi umejaa fremu, inafikiri ni giza, inaongeza mwanga, ua linaungua. Punguza: kwenye fidia ya mwangaza (kitufe cha +/−) weka −1, ukiona histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) bado inagonga ukuta wa kulia nenda −1.3. Kisha litie kivuli. Kiroba cheupe cha unga kilichopasuliwa na kutandazwa kwenye fito mbili kinatosha, kishike nusu mita juu ya ua upande wa jua. Hapo mishipa inaonekana, na ule uwaridi hafifu ulioko kooni unaonekana. Usilishike kwa vidole kulipanga. Likipondwa hata kidogo linageuka rangi ya wino, na doa halitoki.

Nyasi kavu za Julai ni kinyume chake: ni nyeupe-nyeupe na zinang'aa, kamera inazitia giza. Ongeza +0.7. Ardhi iliyoungua yenye vichipukizi, rudi −1. Na maua mekundu yale ya Gloriosa, yaliyokunja petali nyuma kama yanakimbia, angalia histogramu ya rangi nyekundu peke yake. Histogramu ya jumla itakuambia salama wakati nyekundu imeshafurika na petali imekuwa bapa. −0.7 kwa kawaida inaokoa. Nawa mikono ukimaliza, mmea wote una sumu, kiazi chake hasa.

Ntalali_Mbivu

Asanteni sana, nimewasoma. Mraba wa bomba naununua wiki hii. Maswali mawili ya nyongeza: simu inafaa kwa kiwango gani, au niiache? Na nimepanga kwenda mara moja kwa mwezi, ila Julai hadi Septemba nilitaka nipumzike kwa kuwa hakuna kinachoota. Ni sawa?

Mzinga_wa_Gome

Si sawa hata kidogo, dada. Ukipumzika Julai hadi Septemba umepumzika kwenye sehemu yenye mambo. Mara moja kwa mwezi inatosha Februari na inatosha Juni. Kuanzia katikati ya Agosti hadi Desemba nenda kila wiki mbili, na Septemba–Oktoba kila wiki ukiweza. Sababu ni hii: jani la mtundu linatoka jekundu-shaba, linapauka, linakuwa kijani cha ndimu, linakolea, yote hayo ndani ya wiki chache na kabla ya tone la mvua. Mninga nao unachanua njano-chungwa kwa muda mfupi, mara nyingi ukiwa bado uchi au majani ndiyo yanaanza. Ukienda tarehe 1 tu, unaweza kukuta tarehe 1 Oktoba mti mkavu na tarehe 1 Novemba mti wa kijani, ukaapa kwamba mninga hautoi maua.

Wafuga nyuki wa huku wanaijua kalenda hii kwa sababu ndiyo inayojaza mizinga. Muva unachanua mwishoni mwa masika, mtundu unachanua mwishoni mwa kiangazi. Maua yenyewe ni madogo, meupe-krimu, ukiyatafuta kwa macho utapita chini yake. Sikiliza. Mti unaovuma asubuhi umechanua.

Sasa hivi, Aprili, usikimbilie miti, nyasi ndizo zinatoa masuke. Nenda mapema, jua likichomoza: nyasi nyingi hutoa chavua asubuhi, unakuta vifuko vidogo vya njano au zambarau vinaning'inia nje ya suke kwa uzi mwembamba. Upepo wa saa 4 ukipita, vimebaki maganda. Themeda, ile yenye masuke yaliyofungwa kwenye vijani kama vifurushi, itaanza kuwa nyekundu-shaba kuanzia Mei. Huo wekundu ndio picha ya Mei na Juni, mbuga nzima inabadilika kutoka kijani hadi kutu. Jihadhari na upupu kipindi hicho, maganda yake yakikauka vinyweleo vinapeperuka. Ukikugusa usikune, bandika utepe wa gundi na uung'oe, vinyweleo vinatoka nao.

Julai na Agosti angalia matunda na maganda. Tunda la mninga ni duara kama sahani, bawa pande zote na katikati kuna brashi ya miiba, linabaki mtini baada ya majani kuanguka. Lipige dhidi ya anga, mwanga ukipita kwenye bawa unaona mishipa yote. Maganda ya muva yanakaa juu ya kichwa cha mti, ya kahawia kama mahameli, ndiyo unayoyaona ukiwa juu ya kichuguu. Ya mtundu yanapasuka kwa kishindo jua likikolea, vipande viwili vinajikunja kama parafujo na mbegu zinaruka. Kuupiga mpasuko wenyewe ni bahati nasibu, lakini ganda lililojikunja chini, bado na makovu ya mbegu, ni picha rahisi. Na mkora: ganda nene kama ubao likifunguka, ndani mbegu nyeusi tititi zenye kofia nyekundu, zimepangwa. Hiyo ipige kivulini, ukitumia ncha ya 55, sentimita 25 kutoka kwenye mbegu, f/11.

Baada ya moto usichelewe. Wiki mbili hadi tatu kwenye ardhi nyeusi unaanza kuona vichipukizi vya nyasi za kudumu na mimea yenye vitunguu au mizizi minene ikitoa maua karibu na ardhi bila mvua yoyote. Akiba iko chini. Lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa ua, ukiwa umetandika turubai la sivyo utarudi nyumbani kama mchoma mkaa. Mvua zikianza Novemba tafuta Scadoxus, lile tufe jekundu la maua mengi madogo kwenye bua moja, mara nyingi kwenye kivuli cha vichuguu. Halafu Januari–Februari okidi za ardhini, Eulophia na Habenaria, kwenye nyasi fupi pembezoni mwa mbuga.

Okidi zikipatikana, kwenye iNaturalist ficha mahali halisi, kuna sehemu ya kuchagua hivyo. Viazi vya baadhi yake huchimbwa kwa chakula, na kule Nyanda za Juu Kusini biashara yake imevuka mpaka hadi Zambia.

Kuhusu moto wenyewe: usisubiri ndani ya mbuga ili uupige, na usiuwashe wewe. Kama sehemu yako ni ngitili (malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi) ya mtu au ya kijiji, nyasi zitabaki zimesimama hadi mwisho wa kiangazi, mfuatano wako utakuwa tofauti kabisa na wa mbuga ya wazi. Ongea na wenyewe kabla. Kama ni hifadhi ya msitu, kibali ni cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Ulimi_wa_Jani

La tano hawajaligusa. Nyasi hazitambuliwi kwa sababu unapiga suke kwa mbali, na nyuma yake kuna masuke mengine elfu. Kwa kila nyasi piga picha tano na uziweke kwenye rekodi moja:

– mmea mzima kuanzia kwenye shina la chini, ili ionekane kama ni kichaka au unatambaa;
– suke zima mbele ya karatasi nyeupe ya A4, na rula pembeni;
– kipande kimoja cha suke kwa karibu kabisa;
– kifundo cha shina, kama kina manyoya au hakina;
– na ulimi.

Ulimi ndio wanaousahau wote. Shika jani pale linapoachana na shina, livute nje taratibu. Ndani, kwenye kona, kuna kiwambo chembamba au mstari wa vinywele, hakizidi milimita chache. Kwa anayejua nyasi, hicho ni kama namba ya gari. Mwanga upite kutoka nyuma, f/8, shata 1/250 au zaidi, na bua ulishikize kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye waya uliochomekwa ardhini, maana mkono wa mtu unatetemeka kuliko upepo.

Usitarajie miujiza kwenye Hyparrhenia, hizo ndefu za kuezekea. Spishi zake zinafanana mno, hata wataalamu wanataka kuishika mkononi. Ukipewa jenasi tu, shukuru.

Simu: kwa kazi hii ya rekodi ni nzuri kuliko lenzi yako. Zima ile akili ya simu inayotambua mandhari, inapaka nyasi kijani cha bandia. Zima hali ya kufifisha nyuma, inakata nywele za suke. Usivute kwa vidole, sogea wewe. Bonyeza na ushikilie kwenye suke hadi fokasi ijifunge, kisha telezesha mwanga chini kidogo. Baadhi ya simu ukikaribia sana zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana, utaona picha inaruka. Rudi nyuma sentimita 3 au uzime hilo kwenye mipangilio. Lakini usichanganye simu na Canon kwenye mfuatano mmoja wa picha pana. Chagua moja, hadi mwisho.

LenziSafi

Nyongeza fupi ya vifaa. Masika adui ni kuvu. Inaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui na haifutiki kwa nje. Mfuko wa kamera ndio unaoitunza, hasa ukiwa umelowa na kufungwa. Rudi nyumbani, toa kila kitu nje ya mfuko, kikauke, kisha weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika. Mchele usitumie, unaacha vumbi la wanga. Silika ikichoka ioke kama saa 2 kwa joto la nyuzi 120, inarudi kazini.

Kiangazi ni vumbi, na baada ya moto ni masizi, ambayo ni mabaya zaidi kwa kuwa yana mafuta: ukiyafuta makavu yanasambaa. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira cha mkono, ndipo ufute. Usiende kwa fundi wa pancha kupuliziwa na kompresa. Ina maji na mafuta, na nguvu yake inasukuma uchafu ndani. Lenzi usibadilishe mbugani. Una moja, kwa hiyo umeshapona.

Ukienda mbele kuelekea Sikonge na Ugalla kuna mbung'o. Wanavutwa na buluu na nyeusi, na mifuko ya kamera karibu yote ni mojawapo ya hizo. Ufunike kwa kitambaa cha kaki. Nguo pia.

Ntalali_Mbivu

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa KigingiNo3: nimeanza Novemba na urefu wa mita 1.4. Nikihamia 2.7 sasa, picha za miezi 5 zinakufa?

KigingiNo3

Hazifi. Kuanzia sasa hadi Oktoba piga zote mbili kila safari: ya 1.4 hata kama ni ukuta wa nyasi, na ya 2.7. Ule ukuta nao ni taarifa, utaonyesha nyasi zilivyopanda na siku zilipolala. Novemba ukifika, endelea na 2.7 hadi Machi ijayo, utakuwa na mwaka kamili wa juu na mwaka kamili wa chini. Majina ya mafaili yaandike hivi tangu leo: 2-K1-270-magh, yaani mwezi, kigingi, urefu, mwelekeo, na mwaka mbele yake. Ukiacha IMG_4471 utazipoteza mwenyewe kabla ya mchwa.

Na mraba wa bomba usiuache mbugani, moto utauyeyusha. Fukia vipande viwili vya tofali la kuchoma kwenye pembe mbili zinazokabiliana, uso wa tofali uwe sawa na ardhi. Ukifika unaulaza mraba juu yake, pembe kwa pembe.